Ushahidi wa Maneno ya Barafuni

Tarehe 27 Februari 1877 gazeti la The Gazette la mjini Montreal, Kanada, lilichapisha kanuni saba za mchezo uliokuwa ukichezwa na vijana wachache wa mji huo wakati wa baridi. Mchezo ulichezwa juu ya barafu, na kilichopigwa kilikuwa kipande bapa cha duara. Lakini anayezisoma kanuni hizo leo hakutani na barafu wala na kipande hicho. Anakutana na mpira, na anakutana na uwanja, kwa neno ambalo Waingereza hulitumia kwa uwanja wa ardhi. Sababu haijifichi. Kanuni hizo zilinakiliwa karibu neno kwa neno kutoka kwa zile za chama cha mpira wa magongo cha Uingereza, zilizoandikwa mwaka 1875 kwa ajili ya mchezo wa kwenye majani. Walionakili hawakujisumbua kubadilisha hata jina la kitu walichokuwa wakikipiga. Msomaji ana haki ya kucheka, lakini mtu anayetafuta historia ya mchezo huu hana budi kuwashukuru kwa uvivu wao, maana wangekuwa waangalifu zaidi wangefuta nyayo zao.

Kwa Mswahili, hoki ni mpira wa magongo wa uwanjani, ule ulioipa Kenya nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la mwaka 1971. Huko Kanada mambo ni kinyume: hoki ikitajwa bila maelezo ni ya barafuni, na ile ya majani ndiyo inayohitaji kufafanuliwa. Hoja ninayoitetea ni kwamba istilahi za hoki ya barafuni, ambazo mtazamaji mgeni huziona kama mafumbo, ni hati ya ukoo ya mchezo huo. Kila neno lina lilikotoka, aliyelipokea na shida iliyomfanya alipokee. Yakisomwa kwa pamoja, maneno hayo yanatoa jibu ambalo miji inayogombea heshima ya kuwa chimbuko la hoki hailipendi: mchezo huu haukubuniwa na mtu mmoja wala mji mmoja. Uliungwaungwa kutokana na michezo mingine, kiraka juu ya kiraka, hadi viraka vikawa nguo.

Tuanze na kile kinachopigwa. Jioni ya tarehe 3 Machi 1875, katika ukumbi wa Victoria Skating Rink mjini Montreal, timu mbili za wachezaji tisa kila upande zilicheza mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kupangwa rasmi ndani ya jengo. Aliyeipanga ni James Creighton, kijana kutoka Halifax katika jimbo la Nova Scotia. Gazeti lilikuwa limewatuliza watu mapema: waliohofia kugongwa na mpira unaorukaruka waondoe shaka, kwani kitatumika kipande bapa cha mbao ambacho hakitainuka kutoka kwenye barafu. Siku iliyofuata, likieleza matokeo, gazeti lilikosa jina la kipande hicho likakiita kigogo tu. Mwaka 1876 taarifa za Montreal zinakiita puck. Mwaka 1877 kanuni zinakiita mpira. Mwaka 1886, chama cha hoki cha Kanada kilipoundwa, kanuni zake zinakiita puck na kukipa vipimo: raba ngumu yenye unene wa inchi moja na kipenyo cha inchi tatu. Vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika hadi leo, sentimita 2.54 kwa 7.62, na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Kitu kimoja kilibadilishwa jina kila mwaka kwa miaka mitatu mfululizo. Watu walikuwa nacho mkononi kabla ya kuwa nacho mdomoni, na kila aliyekitaja alichukua jina kutoka mchezo aliokuwa ameuzoea. Mimi nitakiita kisahani.

Maelezo yanayokubalika zaidi kuhusu neno puck yanalipeleka Ireland. Huko, katika mchezo wa magongo wa jadi uitwao hurling, neno hilo hutumika hata sasa kwa pigo la gongo, nalo lina undugu na neno la Kigaeli lenye maana ya kudunda au kupiga kumbo. Jina la kitendo cha kupiga likahamia kwenye kitu kinachopigwa. Waskoti nao waliacha alama yao: Mkanada anayecheza na wenzake bila refa wala kanuni, kwenye ziwa lililoganda au barabarani, husema anacheza shinny, na ndani ya jina hilo umo mchezo wa Kiskoti wa shinty. Magongo yenyewe, kwa muda mrefu, yalichongwa na Wami'kmaq, wenyeji wa asili wa Nova Scotia, waliojua kutafuta mti ambao shina lake limejipinda na mzizi. Halafu kuna namna ya kuanzisha mchezo. Kanuni za 1877 zinatumia neno bully, ambalo ni la hoki ya majani. Zile za 1886 zimeliacha na kuchukua neno la lacrosse, mchezo wa mataifa ya asili ya Amerika Kaskazini uliokuwa umeandikiwa kanuni na watu wa Montreal miaka ya 1860: wapinzani wawili wanakabiliana uso kwa uso, kitu kikiwa katikati yao. Kutokana na neno hilo la uso ndipo ilipotoka istilahi ya leo, faceoff. Kwa hiyo kabla dakika moja ya mchezo haijaisha, mtazamaji ameshapita Ireland, Uskoti, Uingereza na vijiji vya wenyeji wa Amerika.

Hapa mtu mwangalifu atainua mkono. Maneno ni mashahidi wenye ndimi mbili, atasema, na historia iliyojengwa juu ya asili za maneno mara nyingi imejengwa juu ya ngano. Pingamizi hilo ni la haki, na mifano yake ni mingi. Vitabu vingi vimedai kwamba neno hockey lilikuwapo tangu 1363, kwa kuwa Mfalme Edward III wa Uingereza aliupiga marufuku mchezo huo katika tangazo lake. Tangazo liliandikwa kwa Kilatini, na neno hockey halimo. Mfasiri wa karne ya 18, alipokutana na neno la Kilatini lenye maana ya gongo lililopinda, aliandika jina la mchezo alioujua yeye. Mfano wa pili ni wa mfungaji wa mabao matatu katika mechi moja. Toronto kuna hadithi ya muuza kofia aliyewazawadia kofia wachezaji waliofunga matatu, na wengi huamini kwamba neno hat-trick lilizaliwa dukani kwake miaka ya 1940. Ukweli ni kwamba neno hilo ni la kriketi ya Kiingereza. Linahusishwa na mrusha mpira H. H. Stephenson, ambaye mwaka 1858 mjini Sheffield aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, watazamaji wakachanga fedha akanunuliwa kofia. Muuza kofia wa Toronto alilikuta neno likiwa zee, akalifanyia biashara. Wahenga walisema lisemwalo lipo; katika asili za maneno, mara nyingi lisemwalo limetungwa jana.

Lakini angalia vizuri ngano hizo zilivyoangushwa. Ile ya 1363 iliangushwa kwa kurudi kwenye maandishi ya Kilatini, na ile ya kofia kwa kulikuta neno katika kriketi miongo mingi kabla ya duka. Dawa ya ushahidi mbaya wa maneno ni ushahidi mzuri wa maneno: lilichapishwa wapi, lini, na kwa maana gani. Kwa kipimo hicho tunajua kwamba neno hockey limo katika kitabu cha michezo ya watoto kilichochapishwa London mwaka 1773. Tunajua pia kwamba Charles Darwin, katika barua ya mwaka 1853 kwa mwanawe William, alikumbuka jinsi alivyopenda kucheza hoki juu ya barafu akiwa amevaa viatu vya kuteleza. Darwin alizaliwa Uingereza mwaka 1809, na utoto wake ulikwisha zamani kabla Creighton hajaingia Montreal. Hata gazeti la Montreal la Machi 1875 lilikiri kwamba mchezo huo ulikuwa umeenea New England, ng'ambo ya mpaka, na kwamba mjini kwao haukuwa ukijulikana sana. Ili wasomaji waelewe, likaufananisha kwanza na lacrosse, kisha likasema mfano ulio bora ni shinty ya Waskoti. Mashahidi wa siku yenyewe hawakudai kwamba wameona kitu kipya duniani. Dai hilo lilikuja baadaye, miji ilipoanza kujenga makumbusho.

Maneno ya kanuni yana thamani nyingine: kila moja ni kovu la ugonjwa fulani. Chukua offside. Kiswahili cha mpira wa miguu kina neno linaloieleza dhana hiyo vizuri kuliko Kiingereza chenyewe, nalo ni kuotea, kwa maana ileile ya mwindaji anayejificha kando ya njia akimngoja mnyama apite. Kanuni za 1877 zilikuwa kali: mchezaji alitakiwa daima awe nyuma ya mpira kwa upande wa lango lake, na aliyekuwa mbele hakuruhusiwa kuugusa. Kwa maneno mengine, pasi ya kwenda mbele haikuwapo, kama ilivyo katika raga. Hoki ya wakati huo ilikuwa ya kukokota kisahani wachezaji wakiwa wamejipanga sambamba. Walioanza kuifungua ni ndugu wawili, Lester na Frank Patrick, waliomiliki ligi ya pwani ya Pasifiki: msimu wa 1913–14 walichora mistari miwili ya buluu kuvuka barafu na kuruhusu pasi ya mbele katika eneo la katikati. Ligi ya NHL, iliyoundwa Montreal mwezi Novemba 1917, iliwafuata mwaka 1918, na msimu wa 1929–30 ikaruhusu pasi ya mbele ndani ya kila eneo. Mabao yakafurika, kwa kuwa washambuliaji walikwenda kupiga kambi mbele ya kipa na kungoja kuletewa. Huko ndiko kuotea kwa maana kamili ya neno. Desemba 1929, katikati ya msimu, ligi ikaweka kanuni iliyopo hadi leo: mtu asiingie eneo la ushambuliaji kabla ya kisahani.

Istilahi ya icing nayo ina kovu lake. Maana yake ni kukipiga kisahani kutoka upande wako wa mstari mwekundu wa katikati hadi kivuke mstari wa goli wa wapinzani bila mtu kukigusa, na adhabu yake ni mchezo kurudishwa langoni kwako. Mgeni hushangaa: kosa liko wapi? Kosa liko katika uchovu wa watazamaji. Desemba 1931 timu ya New York Americans, ikilinda ushindi wake dhidi ya Boston Bruins, ilikitupa kisahani namna hiyo mara 61 katika mechi moja. Boston walipokwenda New York mwezi uliofuata walilipiza kwa mara 87, na mechi ikaisha bila bao. Watu walikuwa wamelipa kiingilio kutazama kisahani kikisafiri na kurudi kama barua isiyo na anwani. Mwaka 1937 NHL ikalifanya jambo hilo kuwa kosa. Neno linalofundishwa leo kwa watoto kama kanuni kavu lilianza kama malalamiko ya watu wa jukwaani.

Hata maneno yanayoonekana ya kawaida kabisa yana ukoo mrefu. Kumzuia mpinzani kwa mwili kunaitwa check. Neno hilo la Kiingereza lilianzia kwenye sataranji, ambako ni onyo kwamba mfalme yumo hatarini. Lilipitia Kifaransa cha kale na Kiarabu, na mwanzo wake ni shah, mfalme kwa Kiajemi. Kutoka kumzuia mfalme likawa kuzuia kitu chochote, kisha kukagua, na Kiswahili cha mitaani kikalichukua katika maana hiyo ya mwisho: kucheki. Lakini pwani yetu ilikuwa na neno hilohilo zamani zaidi, kwa njia ya bahari, katika umbo la shaha, mfalme wa sataranji na mkuu wa malenga. Beki anayemgonga mtu kwa bega huko Montreal na kijana anayecheki simu yake Kariakoo wote wanamtaja mfalme wa Uajemi pasipo kujua. Majina ya makosa yana ukoo wa karibu zaidi: kufyeka, kunasa kwa ndoana, kuchoma mkuki, kuinua gongo juu. Ukiyasikia yakitajwa mfululizo utadhani ni vifaa vya ghala la mkulima na mwindaji, na yanaeleza bila aibu jinsi gongo lilivyotumika kabla marefa hawajapata nguvu.

Aliyefanya kosa dogo hukaa dakika mbili katika kizimba cha adhabu, na timu yake hubaki na watu pungufu. Muda huo wapinzani huuita power play, yaani mchezo wa nguvu, kwa sababu nguvu za idadi ziko upande wao. Zamani dakika mbili zilikuwa mbili kweli, hata wakifunga mangapi. Tarehe 5 Novemba 1955 Jean Béliveau wa Montreal Canadiens alifunga mabao matatu ndani ya sekunde 44 dhidi ya Boston, wapinzani wakiwa wamepungukiwa. Kuanzia msimu wa 1956–57 kanuni ikasema kwamba bao moja linatosha kumtoa kizimbani aliyefanya kosa dogo. Neno halikubadilika hata herufi moja, ila uzito wake ulipungua, na asiyejua tarehe hiyo hawezi kuelewa kwa nini takwimu za kabla na za baada hazilinganishwi. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno yaliyokufa. Timu za mwanzo wa karne ya 20 zilikuwa na mchezaji wa saba aliyeitwa rover, mzururaji, asiye na kituo maalumu. Ligi ya NHA, iliyoitangulia NHL, ilimwondoa mwaka 1911, naye hatimaye akatoweka pamoja na jina lake. Mabeki waliitwa point na cover-point, majina yanayojulikana katika lacrosse na kriketi, na walisimama mmoja mbele ya mwingine. Leo wanasimama sambamba, lakini eneo la beki karibu na mstari wa buluu wa wapinzani bado linaitwa point.

Kuna pingamizi jingine, zito kuliko lile la ngano. Msamiati ni kumbukumbu ya wenye kalamu. Ikiwa magazeti ya Montreal yaliandika na mengine hayakuandika, je, hati hii ya ukoo haiwaachi nje waliocheza bila kuandikwa? Jibu la kweli ni kwamba inawaacha, na ni lazima tulikiri hilo kabla ya kuitegemea. Mwaka 1895 viongozi wa makanisa ya Kibaptisti ya Wakanada weusi huko Halifax walianzisha ligi ya timu za wachezaji weusi katika majimbo ya mashariki, miaka 22 kabla ya NHL. Ndugu George na Darril Fosty, katika kitabu chao Black Ice cha mwaka 2004, wanadai kwamba kipa wa ligi hiyo, Henry Franklyn, alikuwa akijitupa barafuni kuzuia kisahani wakati ambapo kwingineko kipa aliyeanguka aliadhibiwa. NHL iliruhusu jambo hilo Januari 1918 tu. Wanadai pia kwamba Eddie Martin wa Halifax Eurekas alipiga ule mkwaju wa gongo kuinuliwa hadi nyuma, unaoitwa slap shot, mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali masimulizi mengi huutaja pamoja na Bernie Geoffrion wa miaka ya 1950. Geoffrion alipewa lakabu ya Boom Boom kwa sauti ya mkwaju huo. Martin hakuachiwa hata jina la pigo. Madai hayo yanaweza kujadiliwa, lakini mjadala wenyewe unaonyesha mpaka wa ushahidi wa maneno: unatueleza nani alitaja jambo, hautuelezi daima nani alilifanya. Hata hivyo jambo hilo haliiokoi hoja ya mji mmoja. Linazidi kuidhoofisha, kwa kuwa linaongeza watu kwenye orodha ya walioujenga mchezo, halimpunguzi hata mmoja.

Yapo pia maneno ambayo hoki iliyafinyanga yenyewe. Chenga ya barafuni inaitwa deke, nalo ni neno la Kikanada lililokatwa kutoka decoy, yaani ndege wa bandia ambaye mwindaji humweka majini ili bata halisi watue karibu. Nchi ya maziwa na bata ilikopa kutoka ziwani kwake. Nafasi ya katikati ya miguu ya kipa inaitwa five-hole, tundu la tano, kwa kuwa makocha huhesabu pembe nne za lango kwanza. Mpenzi wa soka wa Afrika Mashariki hahitaji hesabu hiyo, tobo anaijua. Halafu kuna Zamboni. Frank Zamboni, mwenye ukumbi wa barafu huko Paramount, California, alichoka kuona wafanyakazi wakitumia zaidi ya saa nzima kukwangua barafu, kuiosha na kuimwagia maji upya. Mwaka 1949 alikamilisha mashine inayokwangua, kusafisha na kutandaza maji ya moto kwa mzunguko mmoja. Leo watu huliita kila gari la aina hiyo kwa jina lake, hata likiwa limetengenezwa na kampuni nyingine, kama sisi tunavyomtuma mtoto dukani akalete blubendi au jiki bila kujali lebo.

Safari ya maneno haya nje ya Kiingereza inaithibitisha hoja kwa upande wa pili. Wafaransa wa Québec, waliokuwa katikati ya mchezo huu tangu mapema, hawakulichukua neno puck: wanasema rondelle, kitu kidogo cha mviringo, na bao tatu za mtu mmoja wakazitafsiri kuwa mzunguko wa kofia. Wafini wanasema kiekko, yaani kisahani. Warusi wanasema shaiba, jina la ile pete bapa ya chuma inayowekwa chini ya nati, na majukwaa yao hulipiga ukelele neno hilo yakidai bao. Warusi walikuwa na sababu ya kulisisitiza. Kwao hoki iliyokuwapo kwanza ni ya mpira juu ya barafu, ambayo wengine huiita bandy, na mchezo wa Kikanada ulipoanza kuchezewa ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti mwezi Desemba 1946, ilibidi uitwe hoki ya shaiba ili utofautishwe na ule. Wachezaji walitoka kwenye mchezo wa mpira wakiwa na mazoea ya pasi nyingi na kutunza mali. Miaka minane baadaye, mwaka 1954, walitwaa ubingwa wa dunia mara ya kwanza walipoingia. Jina lao lilikuwa la fundi makenika na uchezaji wao ulikuwa wa bandy, na kutokana na viraka hivyo wakashona nguo ya pili.

Watetezi wa Montreal wana neno la mwisho, nalo halipuuziki. Hata kama kila kipande kilikopwa, wanasema, kuviunga ndiko kubuni: Montreal ndiko mchezo ulikopata jengo, kanuni zilizochapishwa, idadi maalumu ya wachezaji na mfululizo wa mechi usiokatika. Nakubaliana nao kwa kila kitu isipokuwa neno moja, kubuni. Montreal iliupa mchezo makazi na cheti. Mtoto mwenye cheti hajawa mtoto asiye na babu, na hakuna aibu katika kuwa na mababu wengi. Lugha yetu yenyewe ni shahidi. Mpira ni jina la utomvu kabla ya kuwa jina la mchezo, gozi linatokana na ngozi, goli, kona na penalti vilishuka melini na Waingereza, na kuotea, chenga, tobo na kanzu tulivitoa nyumbani. Hakuna anayedai kwamba soka ya Dar es Salaam au Mombasa si yetu kwa sababu ya mchanganyiko huo.

Suala hili sasa limefika mlangoni kwetu. Nairobi ina kiwanja cha barafu tangu 2005, ndani ya jengo la Panari kwenye barabara ya Mombasa, na huko ndiko ilikokua timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka 2018 wachezaji wake walisafiri hadi Kanada wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, maana nyumbani hawakuwa na mpinzani, na mwaka 2024 Kenya ilipokelewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Watangazaji na watunga kamusi wataanza kuuliza puck iitwe nini kwa Kiswahili, na pengine kikao kitaitishwa. Ushauri ambao historia hii inautoa ni kwamba wasiwe na haraka. Kile kilichopigwa Montreal mwaka 1875 kiliitwa kigogo, kikaitwa puck, kikaitwa mpira, na jina lililoshinda lilikuwa la wachezaji, si la waliochapisha kanuni. Kamusi na ingoje ukingoni mwa barafu, iwasikilize vijana wa Nairobi wanapoitana wakitaka pasi, kisha iandike wanalosema.